Jicho la Mzee Mkono wa Pili

Aliyesema hospitali ni nyumba ya kupona hakumpeleka mkewe pale akamrudisha amefunikwa shuka. Mzee Mkono wa Pili alimrudisha hivyo, na siku ya mazishi akaapa kwamba mguu wake hautakanyaga tena kizingiti kile, hata avutwe kwa kamba. Mkewe hakuuawa na ugonjwa, ndivyo alivyomsimulia yeyote aliyekaa karibu naye. Aliuawa na benchi. Alikaa kwenye benchi akimngoja mwenye ufunguo wa chumba cha mashine, na mwenye ufunguo yuko mkutanoni. Wakubwa wana mikutano, wadogo wana mabenchi.

Jina la Mkono wa Pili alipewa na mafundi wenzake. Alikuwa fundi rangi, na hakukubali kushuka ngazi kabla ukuta haujapigwa mkono wa pili, hata mwenye nyumba aape kwamba wa kwanza umetosha. Kisha macho yakaanza kuingia ukungu. Hakumwambia mtu. Fundi rangi kusema haoni vizuri ni sawa na mpishi kusema hana ulimi. Akaendelea kupaka kwa mazoea mpaka alipoitwa kupaka ofisi ya meneja mmoja, akaipaka nusu nyeupe na nusu krimu, kwa sababu machoni pake makopo yote mawili yalikuwa na rangi moja, rangi ya chai iliyolala. Meneja akawaita watu waje kucheka. Katika wote waliocheka hakuna hata mmoja aliyeuliza macho ya mzee yule yana nini. Walimtoa na brashi zake, na meneja akaendelea kukaa ndani ya ofisi ya rangi mbili mpaka alipopandishwa cheo.

Kumbe ni mtoto wa jicho, na mtoto huyo si wa kumlea akufae uzeeni. Alikua upesi, macho yote mawili. Mwana wa pekee wa mzee alipooa, baba mtu aliona kitu cha njano kikipita mlangoni, akaambiwa ndiye bibi harusi. Walipozaliwa pacha hakuona hata hicho cha njano. Aliwapapasa vichwa, akasema ni wazuri.

Yule wa njano ndiye Mama Pacha, mkamwana wake. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa, mtu wa kuja nyumbani kama mvua ya kiangazi. Yeye alikuwa mshonaji katika karakana ya sare za shule, na inasemwa hakukuwa na mkono kama wake kwenye kola. Mama mkwe alipofariki, mzee akabaki hana wa kumshika. Hakuna kikao kilichokaliwa, hakuna aliyemwomba mtu. Asubuhi moja tu mzee alisikia sufuria zikigongana saa ambayo mkamwana wake angekuwa kazini, na kesho yake vilevile, na keshokutwa.

Kumtunza kipofu mwenye hasira si mchezo. Ndani ya nyumba ile kigoda hakikusogezwa bila mzee kuarifiwa. Kikombe mkono wa kulia, redio mkono wa kushoto, ndoo nyuma ya mlango. Mama Pacha alijifunza kukohoa kabla ya kuingia ili mzee asishtuke, na alijifunza kusema "kweli, Baba" kila redio ilipotaja mkubwa yeyote na mzee akaanza kumchambua tangu kisogo hadi kisigino. Nje, kwa kuwa mkwe ni mkwe na kushikana mikono barabarani hakukumpendeza hata mmoja wao, walitembea kwa fimbo: yeye ameshika ncha ya mbele, mzee ya nyuma. Kinyozi wa pale mtaani, mtu asiyejua kunyamaza, alizoea kuwaambia wanafanana na watu waliokamata nyoka, kila mmoja anaogopa kumwachia mwenzake.

Basi siku moja akaja mjumbe kutoka karakana. Kazi imekuwa nyingi, msimamizi anamtaka Mama Pacha arudi kwenye mashine yake, na nafasi ni ya Jumatatu ile ya wiki inayofuata. Akichelewa atachukuliwa mwingine. Walizungumzia uani. Mzee alikuwa dirishani na sikio lake, ambalo lilikuwa zima kuliko kiungo chochote alichobaki nacho.

"Mwambie nashukuru," alimsikia Mama Pacha akisema. "Mimi siwezi. Nina mzee."

Alilisema kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Mjumbe akaondoka. Mama Pacha akarudi kwenye beseni la vyombo, mzee akasikia maji yakichezewa, kisha mikono ikatulia ndani ya maji. Akangoja ianze tena. Haikuanza.

Jioni, pacha walipokuwa wakigombania penseli, mzee alisema amesikia redioni kwamba madaktari wa macho wanapasua watu pale hospitali, na kwamba kesho apelekwe. Mama Pacha aliuliza, kwa adabu, kuhusu kile kiapo.

"Kiapo nilikula mimi," alisema mzee. "Wewe hukula. Utanipeleka."

Huko hospitali alikwenda akitafuta kasoro, na mtafuta hakosi. Chooni hakuna maji. Benchi ni lilelile, alilijua kwa kulipapasa, lina msumari uliochomoza. Langoni, akaambiwa, pana bango kubwa lenye picha ya mganga mkuu akitabasamu. Akasema rangi ya bango hilo ingetosha kupaka wodi nzima. Walimbandika kipande cha plasta juu ya nyusi ya kulia, ili jicho la kupasuliwa lisije likakosewa, wakamketisha mstarini na wenziwe, kila mtu na plasta yake kama mizigo iliyolipiwa ushuru. Aliyekaa pembeni yake, bibi mmoja muuza nyanya, alimwuliza kama ni mzuri wa sura, kwa maana akifunguliwa jicho akutane kwanza na uso mbaya, atadai arudishiwe mtoto wa jicho wake. Mzee alijibu kwamba anunue nyanya zake mwenyewe azitazame. Ikawa ndiyo mara ya kwanza Mama Pacha kumsikia akimtania mtu tangu msiba.

Kasoro ilimpotea kwenye chumba cha upasuaji. Walimpiga ganzi kando ya jicho, wakamfunika uso kitambaa chenye tundu, akalala macho akisikia kila kitu. Daktari wa macho alikuwa mwanamke, mdogo wa umbo kwa jinsi sauti ilivyotoka chini. Mzee hakuyajua ya udaktari ila aliijua mikono. Maisha yake yote alimtambua fundi kwa namna mkono unavyokwenda, na mkono wa huyu ulikwenda bila kurudi nyuma, bila kutafuta, kama brashi ya mtu anayejua ukuta unaishia wapi. Ilimkera kumsifu mtu wa hospitali ile. Akajaribu kujizuia, akashindwa, akauliza kutoka chini ya kitambaa amejifunza wapi.

Daktari naye akamwuliza kazi yake. Alipoambiwa, akasema kumbe wanafanana: yeye pia hukwangua cha zamani kwanza, ndipo aweke kipya.

"Na mkono wa pili?" mzee akauliza.

"Mkono wa pili ni matone, na huo haupigwi hapa. Unapigwa nyumbani, na yule anayekusubiri nje. Akilegea yeye, kazi yangu imepotea."

Asubuhi yake, Ijumaa, ndipo balaa lilipoingia, na liliingia limevaa suti. Wagonjwa walikuwa wafunguliwe bandeji mmoja mmoja, kila mtu apelekwe kwenye chumba chenye ule ubao wa herufi zinazotazama kila upande, aonyeshe kwa vidole zinaelekea wapi. Lakini mganga mkuu alileta wageni, na wageni walikuja na kamera, na chumba cha ubao kikawa cha kuwekea soda zao. Bandeji zikafunguliwa palepale wodini, mbele ya watu. Ilipofika zamu ya mzee, mganga mkuu akamshika bega kama wanafahamiana, akauliza kwa sauti ya mkutano wa hadhara kama anaona.

Mzee alifungua jicho. Mwanga ulikuwapo, mwingi, mwanga ambao hakuwa ameupata kwa miaka. Ila ndani ya mwanga hapakuwa na kitu. Ni kama kutazama kupitia kioo kilichopakwa sabuni: vivuli vinakuja, vinakwenda, kimoja kina suti. Alijua akisema haoni ataambiwa arudi kesho, na keshokutwa, na Mama Pacha atarudi naye kwenye ncha ya fimbo, na Jumatatu itapita kama ilivyopita miaka mingine yote.

"Naona," alisema.

Wakapiga makofi. Kamera ikamwakia usoni. Muuguzi, ambaye alikuwa akisukumwa na ratiba ya wakubwa, aliwahi tu kuwaambia wote kwamba mwenye maumivu au ukungu asingoje siku yake, arudi mara moja. Mama Pacha alilisikia hilo vizuri. Mzee alilisikia vizuri zaidi.

Nyumbani akaanza maigizo. Alikataa fimbo. Alitembea kutoka kitandani hadi mlangoni kifua mbele, na kwa nini asiweze, nyumba aliijua kama kiganja chake. Pacha walimnyooshea vidole wakamtaka ahesabu. Akasema vitatu, vikawa vitatu kweli, akatangaza kwamba mchezo umefungwa, yeye si mnyama wa maonyesho. Matone alisema atajitia mwenyewe. Mama Pacha akakataa katakata, akamtia, na kila alipomwinamia akauliza anaonaje. "Safi," mzee akajibu. Asubuhi ya Jumamosi alimwamuru aende karakana akamwambie msimamizi kwamba Jumatatu yupo. Jicho lilikuwa limeanza kumuuma hadi ndani ya fuvu, na alizungumza huku ameng'ata meno.

Mama Pacha akaendelea kufagia. Mzee akaona imani imepungua, akaamua kuiongeza chumvi. Alijigeuza kuelekea ukuta wa sebule. Ukuta ule aliupaka yeye kwa ajili ya mkewe, buluu, wakati macho yangali macho. Akaunyooshea mkono.

"Tazama fundi alivyokuwa fundi," alisema. "Buluu yangu haijachuja hata kidogo."

Nyumba ikawa kimya. Hata pacha walinyamaza. Mzee akadhani ni heshima.

"Baba," Mama Pacha akasema mwishowe, "vaa viatu. Kuna jambo la dawa nimesahau kuuliza hospitali."

Ilikuwa siku ya mapumziko na wakubwa wote wapo makwao, ndiyo maana mambo yalikwenda haraka. Daktari wa macho alikuwapo, na soda zilikuwa zimeondolewa. Alimulika jicho, akalitazama kwa muda mrefu, na pumzi yake ikabadilika. Akaeleza kwa maneno mepesi. Mtoto wa jicho wa mzee alikuwa amekomaa akawa mgumu kama kokwa. Kumtoa kumeliumiza jicho, kioo cha mbele kimevimba, na maji ya ndani yamebanwa yanasukuma. Hayo hutokea na hutibika, lakini hayangoji. Angekaa hadi siku yake ya kurudi, wangekuwa wanazungumza mengine. Alimpa vidonge vya kumeza palepale na chupa nyingine ya matone, ya kutiwa kila saa mchana kutwa. Kisha akauliza kwa nini mzee alisema anaona.

Mzee alikuwa na jibu tayari, na lilikuwa la kweli: kamera, soda, mganga mkuu na sauti yake ya mkutano. Alifungua kinywa alimwage lote. Ulimi ukamgomea.

"Huyu ana kazi Jumatatu," akasema.

Daktari hakumgombeza. Alimtazama Mama Pacha, akamtia mzee tone la kwanza yeye mwenyewe.

Walirudi kwa fimbo. Walipofika kwenye uchochoro ulio kimya, ncha ya mbele ikasimama, na ya nyuma nayo ikasimama.

"Baba, ukuta ule ni mweusi."

Mzee hakuelewa. Akauliza tangu lini.

"Tangu paa livuje. Rangi ilibanduka yote, kukaingia ukungu, moshi ukamalizia. Ukitoka mbali unafikiri ni ubao wa shule."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaringa nao kila siku. Ningekuambia ili upate nini?"

Mpita njia mmoja akawasalimia, wakaitikia wote wawili kama watu wasio na jambo. Alipokwisha kupita, Mama Pacha akaendelea, na sauti yake haikuwa ile ya "kweli, Baba". Alisema Ijumaa, wakitoka wodini, alipomwacha mzee kivulini kwa kinyozi, alikwenda karakana. Hakwenda kubembeleza. Alimwambia msimamizi kwamba atakuja jicho la baba yake likishakuwa jicho, iwe Jumatatu hii au nyingine, na kama mashine itakuwa imepata mtu, basi heri, kola hazishonwi karakana moja tu.

"Nilianza kurudi kazini siku ile uliposema nikupeleke," alisema. "Iliyobaki ilikuwa kungoja tu, na kungoja nakujua. Sasa wewe unataka kunipa kazi kwa kujipofusha. Hiyo kazi ningeifanyaje, Baba? Kila nikitia uzi ningekuona."

Mzee alikaza mkono kwenye fimbo, na Mama Pacha akahisi mkazo huo, wakaenda.

Sasa kama kuna mtu anadhani uuguzi ni kukaa tu na mgonjwa, angeziona siku zile. Kila saa tone, na kati ya chupa na chupa subira, kwa kuwa dawa mbili hazitiwi pamoja, ya pili huisukuma ya kwanza nje. Mikono ioshwe kabla. Mzee asiiname, asinyanyue ndoo, asijisugue, na usiku jicho lifunikwe kwa kikinga cha plastiki. Mama Pacha alifua, alipika, aliwatuma pacha shule, na kila saa alikuwa pale na chupa, bila kuchelewa, bila kunung'unika, huku mzee akinung'unika kwa niaba ya wote wawili. Maumivu yakaondoka kwanza. Kisha sabuni kwenye kioo ikaanza kuteremka.

Kitu cha kwanza kumjia kilikuwa ndoo nyuma ya mlango. Ilikuwa buluu. Ilimpiga kama kofi. Miaka yote dunia ilikuwa chai, na kumbe buluu haikwenda popote, ilikuwa imekaa nyuma ya mlango ikichotewa maji. Aliitazama mpaka Mama Pacha akauliza kama anaumwa.

Cha pili kilikuwa uso wake. Aliinama na chupa, mzee akalitazamia tone kama kawaida, na badala ya kivuli akakuta mtu. Akashtuka, tone likamwangukia shavuni. Kwa sauti yake na uimara wake alikuwa amemfikiria mwanamke mpana, mtu mzima, wa kujaza mlango. Huyu alikuwa mwembamba, kijana, mwenye mwanya, na chini ya macho yake palikuwa na weusi ambao hauji kwa wiki moja. Bega moja lilikuwa limeshuka kuliko jingine. Mzee akalihesabia upande, akaona ni la mkono uliokuwa ukishika fimbo.

"Kumbe ndiye wewe," alisema.

"Ndiye mimi, Baba," Mama Pacha akasema, akacheka, kisha akajifuta uso kwa ncha ya khanga na kumtia tone jingine.

Pacha walimtatiza. Kwa sauti aliwatofautisha hata wakiwa usingizini; kwa macho walikuwa kitu kimoja kilichochapwa mara mbili, ikabidi afumbe jicho kila alipotaka kujua anaongea na yupi. Ukuta nao aliuona. Aliusogelea, akaukwaruza kwa ukucha, akauambia maneno ambayo hayaandikiki.

Alasiri moja aliuliza jambo, hakujibiwa. Akageuka. Mama Pacha alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, chupa ya dawa mkononi, amelala fofofo, kinywa wazi. Mzee hakuwa amewahi kumsikia akilala mchana. Pacha walipoingia mbio kutoka shuleni aliwawahi mlangoni kwa kidole mdomoni, akawatoa nje, akazima redio katikati ya hotuba ya mkubwa mmoja ambaye siku nyingine angemchambua mpaka mifupa. Saa ya tone ilipofika aliichomoa ile chupa taratibu, akanawa mikono kama alivyofundishwa, akajitia mwenyewe. Matone matatu yalikwenda shingoni. La nne liliingia.

Waliporudi kupimwa, alizionyesha herufi zote za ubao isipokuwa za mstari wa chini kabisa, ambazo alisema zimeandikwa kwa ubahili. Daktari akamwambia jicho la pili watalipanga likipata nafasi. Mzee alimshukuru kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuitambua, akatoka nje, na langoni akasimama. Bango lilikuwa limebadilishwa. Mganga mkuu alikuwa amemshika bega mzee mmoja mwenye mvi, kinywa wazi, na chini ya picha imeandikwa kwa maandishi makubwa: NAONA. Mama Pacha akamsomea. Mzee akaitazama picha ile kwa jicho lililoona kweli, akasema yule bwana si ajabu akaombewa cheo kwa uongo usio wake.

Msimamizi wa karakana alikuwa amengoja. Haya, na hilo lisemwe, maana mkubwa akitenda jema ni haki lisemwe. Labda ni kwa ajili ya kola, labda ni mtu. Jumatatu iliyofuata Mama Pacha alivaa, akafunga mkoba, akaonyesha chai ilipo na chupa ilipo, akaonyesha tena. Mzee alimwambia aende, asije akafukuzwa kabla ya kufika.

Alisimama mlangoni kumtazama. Mwendo wa mkamwana wake aliujua, au alidhani anaujua: wa polepole, wa kupima, wa kusimama kwenye kila shimo. Ndiyo maana alimtafuta karibu, asimwone. Mama Pacha alikuwa ameshafika mbali. Alikwenda kama mtu anayeteremka mlima, mkoba ukimpiga kiunoni, akauruka mtaro bila kuutazama, akampita kinyozi aliyekuwa akifungua duka na kumwachia salamu nyuma, akampita mwenye baiskeli. Kwenye kona hakugeuka kutazama kama mzee yuko salama. Akakata kushoto, akaenda zake.